Starling na Neno Homoni

Aghalabu wanafunzi wetu hulikariri neno homoni kwa ajili ya mtihani pasipo kujua kwamba neno hilo lina mzazi na tarehe ya kuzaliwa. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanabiolojia. Hata hivyo, ninashikilia kwamba maisha ya Ernest Henry Starling yanamhusu mwalimu wa lugha sawasawa na yanavyomhusu mwalimu wa sayansi.

Starling alizaliwa London mwaka 1866. Alisomea udaktari katika Hospitali ya Guy's, na mwaka 1899 akawa profesa wa fiziolojia katika University College, London. Huko alifanya kazi bega kwa bega na William Bayliss, shemeji yake, aliyekuwa amemwoa Gertrude, dada yake Starling.

Wakati huo ilisadikiwa, hasa kutokana na utafiti wa Mrusi Ivan Pavlov, kwamba neva ndizo zinazoliamrisha kongosho kumwaga maji yake ya kusagia chakula. Januari 1902, wataalamu hao wawili walizikata neva za kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa aliyetiwa nusukaputi. Walipotia asidi katika kipande hicho, kongosho liliitika vilevile. Papo hapo Starling aliukwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na asidi, akauchuja, kisha maji yake yakadungwa katika mshipa wa damu. Kongosho likaitika tena. Ujumbe, basi, ulikuwa umesafiri kwa damu. Mjumbe huyo walimwita sekritini.

Lakini sekritini haikuwa peke yake. Adrenalini ilikwisha kujulikana, na tezi nyingine zilishukiwa kuwa na wajumbe wao. Lililokosekana ni jina la kuwakusanya wote. Juni 1905, akihutubia Chuo cha Kifalme cha Madaktari, London, Starling alitumia neno homoni, lililotokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea au kuamsha. Alikuwa amependekezewa na msomi wa Kiyunani wa Cambridge. Tangu hapo, mambo yaliyoonekana kutengana yakawa taaluma moja.

Kinaya ni kwamba Starling, baada ya kushuhudia Vita Vikuu vya Kwanza, aliushutumu vikali mfumo wa elimu wa Uingereza kwa kutukuza Kiyunani na Kilatini huku ukipuuza sayansi. Alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini neno lake mashuhuri ni ushahidi kwamba maabara na maktaba zinahitajiana. Alifariki Mei 1927 akiwa melini karibu na Jamaica, akazikwa huko. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Neno lake limeishi kwa sababu wazo lake lilikuwa na nafasi ya kukua. Leo twajua kwamba mjumbe hafai kitu pasipo mpokeaji. Sekritini hubisha hodi kwenye ukuta wa nje wa seli. Homoni za steroidi, kama vile estrojeni, huingia ndani na kushikamana na vipokezi ambavyo, ndani ya kiini, huziamsha au kuzinyamazisha jeni. Na mwaka 1999, watafiti nchini Marekani walieleza juu ya RNA inayovisaidia vipokezi hivyo kwa nafsi yake, bila kugeuzwa kuwa protini. Kumbe hata mpokeaji ana wasaidizi wake.

Kwa maoni yangu, hapa pana somo kwa madarasa yetu. Starling alianza na jambo, kisha akalitafutia jina. Sisi huanza na jina, na mara nyingi huishia hapo. Mwalimu na aeleze kwanza safari ya ujumbe ule ndani ya damu, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanafunzi waielewayo. Neno homoni litakapotajwa, litamkuta mwanafunzi aliye tayari kulipokea.