Edward Said Tingatinga: Mchoraji aliyefanya kivuli cha mbuyu kuwa ukumbi wa maonesho

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watu waliokwenda kununua mahitaji yao katika duka la Morogoro Stores, eneo la Oysterbay jijini Dar es Salaam, walianza kukutana na bidhaa ambayo haikuwa imezoeleka mahali hapo. Chini ya mbuyu uliokuwa nje ya duka hilo zilipangwa picha za chui, viboko, tembo na ndege, zimechorwa kwa rangi kali zinazong'aa juu ya vipande vya mraba vya mbao za dari. Hapakuwa na ukuta, taa wala kiingilio. Aliyependa alisimama akatazama, na aliyependa zaidi alilipa na kuondoka na picha kwapani.

Mwenye picha hizo alikuwa Edward Said Tingatinga, mtu ambaye hakuwahi kuingia darasa lolote la uchoraji. Alichora kwa muda wa takriban miaka minne tu kabla ya kufariki dunia, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa sanaa, na leo hutamkwa na watu wengi wasiojua kwamba lilikuwa jina la mtu. Kwa kuwa neno tingatinga katika Kiswahili ni mashine ya kulimia au kuchimbia barabara, wapo hata wanaodhani mtindo huo ulipewa jina la mashine.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho sasa ni Nakapanya, wilayani Tunduru, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Alikulia katika jamii ya Wamakua, na jina lake lenyewe, Edward la Kikristo na Said la Kiislamu, linaonesha mchanganyiko wa dini ambao ni wa kawaida katika familia nyingi za kusini. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Maisha yake ya utotoni hayakutofautiana na ya vijana wengine wa Tunduru wa wakati huo, ambao ardhi waliyokuwa nayo iliwapa chakula lakini haikuwapa fedha taslimu za kulipia kodi na mavazi.

Katikati ya miaka ya 1950 alifuata njia iliyofuatwa na maelfu ya vijana wa kusini, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Safari hiyo iliitwa kwenda manamba, kwa kuwa kila kibarua alipewa namba yake. Tanganyika ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kwa ujira mdogo. Mwishoni mwa muongo huo alihamia Dar es Salaam, ambako alikuwa na ndugu aliyetangulia kupata kazi kwa wazungu wa maeneo ya Msasani na Oysterbay. Kupitia ndugu huyo, Tingatinga alipata kazi ya kutunza bustani ya mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, kazi ambayo siku hizo iliitwa shamba boi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mwajiri wake aliondoka nchini, na yeye akabaki bila kazi.

Miaka iliyofuata alijishughulisha na kila lililopatikana. Aliuza mboga kwa kuzungusha nyumba hadi nyumba, alifanya vibarua, na alijulikana pia kama mwanamuziki katika kikundi cha ngoma. Katika maelezo mengi ya maisha yake kipindi hiki hupitwa haraka, kana kwamba ni miaka iliyopotea kabla ya sanaa kuanza. Ukweli ni kwamba hapo ndipo alipojifunza biashara iliyomfaa baadaye. Mtu aliyekata majani katika bustani za Oysterbay na kubisha hodi milango ya nyuma akiwa na kapu la nyanya aliufahamu mtaa ule kuliko mwenye duka yeyote. Alijua ni nani anayeishi pale, ananunua nini, na hupita wapi akielekea dukani.

Ikumbukwe kwamba Oysterbay ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu. Baada ya uhuru iliendelea kuwa makazi ya maofisa wa ngazi za juu, mabalozi na wataalamu wa kigeni waliokuja kwa mikataba ya muda. Hao walikuwa na fedha na kuta tupu, na walijua kwamba baada ya miaka michache wangerudi kwao na wangetaka kuchukua kumbukumbu. Vinyago vya Wamakonde vilikuwa tayari vina soko miongoni mwao. Vilevile kulikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakitembeza picha zao mitaani jijini, na inaelezwa kwamba Tingatinga aliziona picha hizo na kujiuliza kwa nini naye asijaribu.

Alianza kuchora mwaka 1968. Katika kipindi hicho uchoraji wa kisasa Afrika Mashariki ulikuwa umejikita katika vyuo, hususan Makerere nchini Uganda. Mtanzania aliyejulikana zaidi katika fani hiyo alikuwa Sam Ntiro, mhitimu wa Makerere na wa Chuo cha Slade cha London, ambaye aliwahi kuiwakilisha nchi kama Balozi nchini Uingereza, na ambaye picha yake moja ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Njia ya Ntiro ilikuwa ya heshima na ilistahili kupongezwa, lakini ilihitaji shule, udhamini na vifaa ambavyo kijana wa darasa la nne kutoka Tunduru hakuwa navyo. Kama Tingatinga angesubiri ukumbi wa maonesho umfungulie mlango, huenda asingechora hata picha moja.

Badala ya turubai alitumia mbao laini za dari, zile ambazo mafundi huziita silingibodi. Badala ya rangi za wachoraji, ambazo zilikuwa ghali na adimu, alitumia rangi ya mafuta ya makopo, inayofahamika zaidi kama rangi ya baiskeli. Uchaguzi huo ulitokana na hali ya mfuko, lakini uliamua mambo mengi kuhusu sura ya kazi zake. Ubao mmoja wa futi nane kwa nne ukikatwa hutoa vipande vinane vya mraba vya futi mbili kwa mbili, bila kubakiza takataka. Kipande cha ukubwa huo hubebeka kwa mkono mmoja, huingia ndani ya gari dogo, na hakimsumbui mtu anayefungasha mizigo ya kurudi kwao. Rangi ya baiskeli nayo hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, hivyo huonekana kwa mbali hata kwenye kivuli, na huvumilia vumbi la barabarani na unyevu wa bahari. Tatizo lake ni kwamba hukauka polepole na haichanganyiki vizuri ikiwa mbichi. Mchoraji hulazimika kupaka usuli, kusubiri, kuchora umbo la mnyama, kusubiri tena, kisha kuweka madoa na mistari. Ndiyo maana picha zake zina rangi zilizotengana waziwazi, mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao mzima, na usuli wa rangi moja au mbili usio na mapambo mengi.

Watafiti wametofautiana kuhusu asili ya mtindo huo. Wapo wanaouhusisha na michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, wengine wanaona alama za picha za Kikongo, na wengine wanauona kuwa ubunifu wake mwenyewe tu. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, mara nyingi unasahau kwamba picha hizo zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayepita kwa miguu au anayeshuka kwenye gari, ambaye atazitazama kwa sekunde chache kabla ya kuamua kusimama.

Katika kipindi hicho Tingatinga alikuwa pia ameajiriwa kama mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, na uchoraji aliufanya baada ya kazi. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, ambaye alishiriki kikamilifu katika shughuli hiyo. Mume akiwa kazini, yeye ndiye aliyekuwa akikaa na picha nje ya Morogoro Stores na kuzungumza bei na wateja. Mchango huu haujatajwa inavyostahili. Onesho la barabarani linahitaji mtu wa kulilinda jua likiwaka na mvua ikinyesha, na mtu huyo hakuwa mchoraji.

Mahitaji yalipoongezeka, Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa zake kutoka kusini wamsaidie. Waliokuwa wa kwanza ni January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kukaa karibu naye na kufanya sehemu rahisi kwanza, kama ambavyo mafundi wa fani nyingine hufundishana. Kwa kuwa rangi ilichukua muda kukauka, mbao kadhaa zilikuwa zikiendelea kwa wakati mmoja, na kazi ya kugawana ilikuwapo daima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umma ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ilianza kununua picha zake kwa ajili ya kuziuza. Kwa mara ya kwanza mchoraji huyo alikuwa na mnunuzi wa uhakika.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake wakati polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walipolidhania gari hilo kuwa ndilo lililokuwa likitoroka, wakafyatua risasi. Alipigwa na akafariki dunia, akiwa na umri wa takriban miaka 40. Hakuwa na kosa lolote. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo, pamoja na kundi la vijana waliokuwa wanajua kuchora lakini hawakuwa wamewahi kuuza picha bila yeye.

Vijana hao waliamua kuendelea mahali palepale, chini ya mti uleule. Simon Mpata alihamia Nairobi na kuupeleka mtindo huo nchini Kenya. Waliobaki walipokea wanafunzi, na wanafunzi hao wakapokea wengine. Picha zilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda: mnyama mmoja alizungukwa na makundi ya wanyama, kisha zikaja picha za vijiji, masoko, hospitali na waganga. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, ambacho kiliwapa sauti moja na mahali rasmi pa kufanyia kazi.

Njia ya kuuza chini ya mti, pamoja na faida zake, iliacha pengo ambalo halijazibika. Hapakuwa na daftari la mauzo, orodha ya kazi wala risiti. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, nao walipomaliza mikataba yao waliondoka na picha. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi alizochora Tingatinga kwa mkono wake mwenyewe ipo Ulaya, Japani na kwingineko katika mikusanyo ya watu binafsi, huku Mtanzania wa kawaida akiwa ameona maelfu ya picha za mtindo huo bila kuwahi kusimama mbele ya hata moja iliyochorwa na mwanzilishi. Baada ya bei kupanda, zilijitokeza pia picha zenye sahihi ya E. S. Tingatinga ambazo hakuzichora yeye. Kukosekana kwa kumbukumbu kunafanya iwe vigumu kuzitenganisha na za kweli, na wanaoumia zaidi ni familia na wachoraji walio hai, ambao kazi zao halali hutiliwa shaka.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), inalinda kazi mahususi ya msanii na si mtindo. Kwa maana hiyo yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa makubwa juu ya usuli wa njano na kuiita kazi yake tingatinga, awe Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au nje ya Afrika. Asichoruhusiwa ni kunakili picha ya mwenzake iliyo chini ya ulinzi wa sheria na kuiuza bila idhini. Mpaka huo kati ya mtindo na kazi haueleweki sawasawa miongoni mwa wasanii wengi, na migogoro mingi inayohusu matumizi ya picha katika nguo, vitabu na filamu za katuni huanzia hapo.

Wachoraji wa ushirika bado wanafanya kazi Oysterbay, nyuma ya Morogoro Stores, kando ya Barabara ya Haile Selassie. Silingibodi imeachwa kwa kiasi kikubwa na nafasi yake kuchukuliwa na kitambaa, kwa kuwa mteja anaweza kukikunja na kukiingiza kwenye sanduku la ndege. Makopo ya rangi ya mafuta yapo vilevile. Picha huanikwa nje zikauke, moja kando ya nyingine, na anayepita anaweza kuingia na kuzitazama bila kulipa chochote.