Villeneuve alitii amri ya timu, mwenzake akampita

Katika mbio za magari za Langalanga, mtu wa kwanza ambaye dereva hupimwa naye ni mwenzake wa timu, kwa kuwa wote wawili huendesha gari la aina moja. Maisha ya Gilles Villeneuve ni ushahidi wa hilo.

Villeneuve alizaliwa Januari 18, 1950 katika jimbo la Quebec, Kanada. Alijipatia jina kwanza katika mbio za pikipiki za theluji, kisha akahamia magari. Mwaka 1977 alijiunga na Ferrari, na mwaka uliofuata akapata ushindi wake wa kwanza mjini Montreal, mbele ya watu wa kwao.

Mwaka 1979 mwenzake alikuwa Jody Scheckter wa Afrika Kusini. Walipofika Monza, Italia, Septemba 9, ushindi ungempa Scheckter ubingwa wa dunia. Villeneuve alitakiwa abaki nyuma, naye akatii. Alimfuata Scheckter hadi mwisho, wakipishana kwa chini ya nusu sekunde. Scheckter akatwaa taji, Villeneuve akawa wa pili. Aliamini kwamba zamu yake ingefika.

Mwaka 1981 akaja Didier Pironi wa Ufaransa, na urafiki ukaanza. Ulivunjika Imola, Italia, Aprili 25, 1982. Siku hiyo timu nyingi zilisusa, magari 14 tu yakaanza. Magari ya Renault yalipoharibika, Ferrari mbili zikabaki mbele, Villeneuve akiongoza. Timu ikawaonyesha kibao cha kuwataka wapunguze mwendo. Kwa Villeneuve, maana yake ilikuwa kila mmoja abaki alipo. Kwa Pironi, kibao hakikusema nani ashinde. Wakapitana mara kadhaa, na katika mzunguko wa 60, uliokuwa wa mwisho, Pironi akapita na kushinda.

Villeneuve aliona amesalitiwa, akaapa kutozungumza naye tena. Mwenye timu, Enzo Ferrari, alisimama upande wake, lakini ushindi ulibaki wa Pironi.

Siku 13 baadaye, Mei 8, madereva walikuwa Zolder, Ubelgiji, wakiwania nafasi za kuanzia. Dakika za mwisho, Pironi alikuwa na muda bora kuliko wake kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Villeneuve akiwa katika kasi, aligonga kwa nyuma gari la Jochen Mass lililokuwa likienda polepole. Gari lake likapaa, naye akarushwa nje. Alifariki usiku huo hospitalini, akiwa na miaka 32.

Pironi naye hakuuona ubingwa. Agosti mwaka huo, akiongoza kwa pointi, alivunjika miguu katika ajali huko Hockenheim, Ujerumani, na hakurudi tena Langalanga. Alifariki mwaka 1987 katika mbio za boti nchini Uingereza, akimwacha mwenzi wake mjamzito. Mama huyo alijifungua pacha wa kiume. Mmoja alimwita Didier, wa pili akamwita Gilles.