Gino Fano: mtu wa nukta saba

Mfanyabiashara wa Rumonge anayepakia mawese au ndagala huuliza mambo mawili: boti ipi inafika wapi, na nani anaweza kuizuia. Maswali hayo yana hesabu yake, na mmoja wa walioianzisha ni Mwitalia aliyekuja kuzuiwa yeye mwenyewe.

Gino Fano alizaliwa mjini Mantua tarehe 5 Januari 1871, mwaka uleule ambao Stanley na Livingstone walipita mwambao wetu wakichunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi yenye uwezo. Mwaka 1888 aliingia Chuo Kikuu cha Turin, akasoma jiometri kwa Corrado Segre. Akiwa bado mwanafunzi alitafsiri kwa Kiitaliano andiko maarufu la Mjerumani Felix Klein, na baadaye akaenda Göttingen kusoma kwa Klein mwenyewe.

Alihitimu mwaka 1892, na mwaka huo alichapisha makala iliyoonyesha kwamba jiometri haihitaji nukta zisizo na idadi. Alieleza anga yenye nukta 15 tu, mistari 35 na mabapa 15. Kila bapa lina nukta 7 na mistari 7, na leo huitwa bapa la Fano.

Tuchukue mfano wa ziwa letu. Tuseme bandari 7 zinahudumiwa na boti 7, na kila boti inatia nanga bandari 3:

1. Rumonge, Bujumbura, Kigoma
2. Rumonge, Uvira, Baraka
3. Rumonge, Kalemie, Mpulungu
4. Bujumbura, Uvira, Kalemie
5. Bujumbura, Baraka, Mpulungu
6. Kigoma, Uvira, Mpulungu
7. Kigoma, Baraka, Kalemie

Chagua bandari mbili zozote: kuna boti moja tu inayoziunganisha bila kubadilisha chombo. Boti mbili zozote nazo hukutana katika bandari moja.

Sasa tuseme kundi fulani linataka kuwa na mkono katika kila boti, ili lizuie safari zote. Likishika Rumonge na Bujumbura, boti 5 zimeshikwa. Zimebaki ya 6 na ya 7. Likiongeza Kigoma, zote zimeshikwa, lakini boti ya 1 sasa ni yake nzima. Likichukua Uvira na Baraka badala ya Kigoma, linapata ya 2 nzima. Jaribu njia nyingine yoyote: katika mtandao huu, anayeweza kuzuia boti zote lazima awe na boti yake kamili. Hakuna wa kuzuia tu.

Mtandao ukikua, mambo hubadilika. Kwenye bandari 13 na boti 13, kila boti ikipita bandari 4, bandari 6 zilizochaguliwa vizuri hugusa kila boti bila kumiliki hata moja nzima. Kwenye bandari 21, boti zikipita bandari 5 kila moja, zinatosha 7, nazo zimepangana ndani ya mtandao mkubwa kama bapa la Fano lenyewe. Mwaka 1956 Mmarekani Moses Richardson alichunguza makundi kama hayo katika nadharia ya michezo: wasioweza kushinda, ila wanaweza kumzuia kila mtu asishinde.

Fano hakuiona kazi hiyo. Alifundisha Messina, kisha kuanzia 1901 akawa profesa Turin kwa miaka 37. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, naye akaondolewa chuoni akiwa na miaka 67. Alivuka mpaka kwenda Uswisi. Huko, karibu na Lausanne, alifundisha wanafunzi Waitalia waliokuwa kambini wakati wa vita. Wanawe wawili walihamia Marekani: Ugo akawa mwanafizikia mkubwa, Robert akawa mtaalamu wa mawasiliano na kompyuta.

Hapa Rumonge, ambako familia nyingi zilikimbilia Tanzania mwaka 1972 na kurudi baada ya miongo, safari hiyo haihitaji maelezo. Vita vilipokwisha Fano alifundisha tena Italia na Marekani. Alifariki Verona tarehe 8 Novemba 1952.