Harold Rhodes: Aliyeunda piano kwa mabaki ya ndege za kivita

JINA la Harold Rhodes limebandikwa juu ya maelfu ya piano za umeme, lakini wengi wanaoliona hawajui kwamba alianza kama mwalimu, wala kwamba ala yake ya kwanza iliundwa kwa ajili ya majeruhi.

Rhodes alizaliwa mwaka wa 1910 katika jimbo la California, Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa katika jeshi la anga, alitwikwa jukumu la kuwafundisha muziki askari waliojeruhiwa. Kwa vile wengi hawakuweza kuondoka kitandani, alichukua mabomba ya alumini kutoka kwa mabaki ya ndege za B-17, akaunda piano ya noti 29 ambayo mgonjwa angeweza kuipakata.

Baada ya vita aligeukia umeme, na mnamo 1959 akaungana na Leo Fender, mtengenezaji gitaa mashuhuri. Ushirika huo ulimfunga mikono. Fender hakupendezwa na sauti za juu za piano hiyo, hivyo iliyouzwa ilikuwa na noti 32 za chini pekee. Ni baada ya CBS kuinunua kampuni ya Fender mwaka wa 1965 ndipo piano ya noti 73 ilipoingia madukani.

Ingawa huitwa ya umeme, sauti yake huzaliwa na chuma. Kibao kinapobonyezwa, nyundo yenye ncha ya mpira hugonga kijiti chembamba cha chuma kilichoshikizwa kwenye ufito mzito, na viwili hivyo vikatetemeka pamoja. Mbele ya kijiti kuna sumaku iliyozungushiwa waya, inayogeuza mtetemo huo kuwa umeme. Kikigongwa kwa upole, kijiti hulia kama kengele. Kikigongwa kwa nguvu, hunguruma. Wanamuziki wa jazi, akiwemo Herbie Hancock na Chick Corea, waliipenda mno tabia hiyo.

Mwaka wa 1987 jina la Rhodes liliuzwa kwa kampuni ya Roland ya Japani, ambayo ililitia kwenye piano za dijitali zisizo na kijiti hata kimoja. Mzee huyo hakuziridhia, na haki ilikuwa upande wake: jina lilibaki, mtambo uliolipa sifa ukaachwa. Alilipata tena jina lake mwaka wa 1997, umri ukiwa umemtupa mkono, akafariki Desemba 2000 kabla ya piano mpya kutoka.

Ilitoka mwaka wa 2007, ikiitwa Mark 7. Mnamo 2021 kampuni moja ya Uingereza ikazindua Mark 8, inayoundwa mjini Leeds. Zote mbili zilirejea kwenye nyundo, kijiti na sumaku, na noti bado hulinganishwa kwa kusogeza springi ndogo iliyovishwa kwenye kijiti.