MAISHA YA BWANA ERNST MAY

Mjini Moshi limesimama jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Aliyelichora ni Mjerumani, Bwana Ernst May. Lakini sifa yake ilianza mbali na Kilimanjaro, katika nyumba ndogo na meza nyepesi.

May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886, akasomea kazi ya kuchora majengo. Mwaka 1925 mji wake ulimkabidhi usimamizi wa ujenzi. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wengi walisongamana vyumbani. Kwa miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Nyumba hizo zilikuwa ndogo. Meza na makabati ya kizamani, makubwa na mazito, hayakuenea humo. Basi May aliona kwamba kumpa mtu nyumba asiyoweza kuweka meza ni kumsaidia nusu.

Mwaka 1926 Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, aliyekuwa katika ofisi yake, alibuni jiko lenye upana usiofika meta 2. Meza ya kazi iliwekwa chini ya dirisha, mpishi apate mwanga. Ilikuwa na tundu la kusukumia maganda, na kiti chake cha kukalia. Bwana Ferdinand Kramer naye alibuni meza na viti vyepesi vya bei nafuu, na mafundi waliokosa kazi wakapewa kuvitengeneza katika karakana ya mji. Hivyo meza moja ilimfaa mnunuzi maskini, ikamfaa na fundi maskini.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi kuchora miji mipya. Wanazi walipotwaa serikali ya Ujerumani mwaka 1933, hakuweza tena kurudi kwao kwa salama. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Mtu aliyesimamia ujenzi wa mji akashika jembe! Mwaka 1937 alihamia Nairobi, akairudia kalamu yake. Vita vya Pili vilipozuka, Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Alipofunguliwa hakukata tamaa. Alichora mpango wa kupanua Kampala, Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, na jengo lile la Moshi. Katika miaka ya 1950 alirejea Ujerumani, akafariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970.

Maisha yake yana funzo kwetu. Tangu Kigombe hata Tanga mjini, nyumba nyingi zina vyumba vidogo, na mara nyingi meza huingizwa mlangoni kwa kulazwa ubavu. Ikishaingia, watu hawana pa kupita. Wenzetu wanaojifunza useremala na wapime chumba kwanza, kisha ndipo wapime ubao.