Gio Ponti na Gari Lililobaki Karatasini

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hukutana mapema na matini isiyo na jina. Tungo nyingi za kale zilitufikia zikiwa zimepoteza mtunzi na tarehe, na zile zinazohusishwa na Fumo Liyongo zingali zinawagawa wataalamu kuhusu zama alizoishi. Hata Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mnamo 1840, hakutuachia diwani aliyoipanga mwenyewe. Mashairi yake yalikusanywa baada ya kifo chake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Katika kazi ya namna hiyo mhakiki hana budi kuuliza: mtindo huu ni wa zama zipi, na mazoea haya ya kufikiri nimeyaona wapi tena? Makala haya yanayapeleka maswali hayo kwenye kitu ambacho si shairi, yaani gari, na kwa kulifuata gari hilo yanasimulia maisha ya Giovanni Ponti, Mwitaliano ambaye dunia ya usanifu humwita Gio Ponti.

Chanzo cha makala ni rundo la majarida makuukuu niliyoyanunua kando ya barabara ya Thika, si mbali na ninapoishi Kahawa Sukari. Ndani yake mlikuwa na ukurasa uliochanika wenye mchoro wa gari lililotazamwa ubavuni. Bodi yake ilikuwa bapa, mistari imenyooka, vioo vimepanuka kwa kiasi ambacho mabati yalionekana kuwa fremu tu ya kuvishika, na pua na mkia vimekatwa kwa pembe kama kito kilichochongwa na sonara. Maandishi yaliyosalia yalikuwa mawili: jina la Alfa Romeo 1900 na mwaka 1953.

Niliupeleka ukurasa huo kwa fundi wa gereji jirani, mtu anayeweza kuitambua gari kwa kuiona taa ya nyuma peke yake. Hukumu yake ilikuwa ya haraka. Hilo ni gari la miaka ya 1970, pengine Fiat, pengine binamu wa ile Peugeot 504 iliyobeba abiria wengi katika barabara zetu. Na huo mwaka 1953 ni kosa la mpiga chapa. Hukumu hiyo ilikuwa na mantiki. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalikuwa yamefura, mabega yao ya juu, madirisha yao madogo, na Alfa Romeo 1900 iliyotoka kiwandani tangu 1950 ilikuwa ya mviringo vivyo hivyo. Mchoro ulisema jambo moja, tarehe ikasema jingine. Mojawapo ilikuwa inadanganya, au palikuwa na mtu aliyechora nje ya zama zake.

Hapa panahitajika maelezo mafupi. Italia ya siku hizo ilikuwa na wajenzi wa bodi waliopokea sehemu ya chini ya gari pamoja na injini kutoka kiwandani, kisha wakaivika umbo la kwao, kama wafanyavyo wajenzi wetu wa bodi za matatu wanapopokea lori la Isuzu likiwa chasisi tupu. Alfa Romeo 1900 lilikuwa gari la kwanza la kampuni hiyo lisilo na chasisi iliyojitenga na bodi, lakini kiwanda kiliendelea kutoa majukwaa yake kwa wajenzi hao. Mmoja wao ni Carrozzeria Touring ya Milano, iliyoanzishwa mwaka 1926. Kwa hiyo jina la Alfa Romeo halikutosha kumtaja mtunzi. Aliyekuwa akitafutwa ni mwenye mkono uliochora.

Ponti alizaliwa Milano tarehe 18 Novemba 1891. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa mwanafunzi, akatumikia jeshi katika kikosi cha wajenzi wa madaraja ya kuelea kati ya 1916 na 1918, na aliporudi akahitimu usanifu majengo katika chuo cha Politecnico cha mji wake mwaka 1921. Mwaka huo huo alimwoa Giulia Vimercati, wakajaliwa watoto wanne. Kijana aliyetarajiwa kuchora nyumba alianza kwa kuchora sahani: kuanzia 1923 alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa kampuni ya kauri ya Richard-Ginori, na vyombo alivyovibuni vilishinda tuzo kuu katika maonyesho ya Paris ya 1925. Mwaka 1928 alianzisha jarida la Domus. Ukiondoa miaka michache ya 1940, alipoliacha na kuhariri jarida jingine liitwalo Stile, aliliongoza Domus hadi kufa kwake. Ningependa wanachama wenzangu, tunaohangaika kutoa toleo moja kwa mwaka, waitafakari idadi hiyo ya miaka.

Miaka ya 1930 ilimpa kazi kubwa. Alijenga Kitivo cha Hisabati katika Chuo Kikuu cha Roma, kilichokamilika 1935, na ofisi za kampuni ya kemikali ya Montecatini huko Milano, zilizokamilika 1938. Kuanzia 1936 alifundisha Politecnico, akaendelea hadi 1961. Waandishi wengi wa wasifu wake huvuka kutoka hapo moja kwa moja hadi baada ya vita, kana kwamba mwaka 1936 haukuwa na jambo jingine. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ulikuwa nalo. Tarehe 5 Mei mwaka huo majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa, na kabla mwaka haujaisha Ponti, pamoja na wasanifu wenzake Giuseppe Vaccaro na Enrico Del Debbio, alikuwa ameandaa mpango wa kuuchora upya mji huo kama makao makuu ya himaya ya Kiitaliano.

Mpango huo haukutekelezwa. Uliokubaliwa ni wa wasanifu wengine wawili, Ignazio Guidi na Cesare Valle, nao haukujengwa ila kwa sehemu ndogo. Lakini kutotekelezwa hakuufanyi usiwe umechorwa. Sera ya watawala wapya ilikuwa kuwatenga wenyeji na wakazi wa Kiitaliano, na mji ambao wasanifu waliutazama kama karatasi nyeupe ulikuwa na watu, makanisa, masoko na kumbukumbu. Mnamo Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, maelfu ya wakazi wake waliuawa kwa siku chache. Ponti hakuhusika na mauaji hayo. Alikuwa mtu aliyekubali kualikwa na mshindi achore mistari juu ya ardhi ya mshinde, kama walivyokubali wengi wa rika lake. Na Le Corbusier mwenyewe alichora mchoro wake wa Addis Ababa mwaka huo huo akitumaini kusikilizwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapoisifu michoro ya mtu iliyobaki karatasini, yafaa tuitazame yote, pamoja na ile tunayoshukuru kwamba ilibaki huko.

Baada ya vita Ponti alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, na hapo ndipo kazi iliyompa jina ilipoanza. Mwaka 1948 alibuni mtambo wa kahawa kwa ajili ya kampuni ya La Pavoni, akaulaza birika lake lililokuwa likisimama wima, akauvika chuma king'aacho na mirija iliyopinda kama pembe. (Ningeona raha kusema kwamba mtambo huo uliwahi kufika Kahawa Sukari, kwa heshima ya jina la mtaa, lakini ushahidi sina.) Mwaka 1952 yeye, Antonio Fornaroli na Alberto Rosselli, mkwewe, walihamishia ofisi yao katika gereji ya zamani kwenye barabara ya Dezza mjini Milano. Wachoraji waliketi katika ukumbi mmoja mpana ambamo zamani yaliegeshwa magari.

Katika ofisi hiyo ndipo mchoro wetu ulipozaliwa, kati ya 1952 na 1953, kwa mkono wa Ponti na Rosselli, juu ya jukwaa la Alfa Romeo 1900 na kwa kulikusudia karakana ya Touring. Waliuita Linea Diamante, yaani mstari wa almasi. Mwaka uliochapwa ukurasani, basi, haukuwa kosa. Jicho letu ndilo lililokosea, kwa kuwa lilizoea kuona umbo lile katika magari yaliyokuja baadaye.

Malalamiko ya Ponti dhidi ya magari ya wakati wake yalikuwa ya mtu wa nyumba zaidi ya mtu wa mbio. Aliona mabati mengi yasiyo na kazi, yaliyofurishwa ili gari lionekane na nguvu, huku abiria wakikaa gizani nyuma ya vioo vidogo na mizigo ikikosa nafasi. Alipunguza uvimbe na kulaza mabati. Alipanua madirisha ili mwanga uingie na macho yatoke, akaongeza nafasi ya mizigo, na kwenye bampa akapendekeza mpira uliowekwa juu ya springi, ili gari likigusana na jingine mjini lisiharibike kwa kila pigo dogo. Kila mojawapo ya mambo hayo ni la kawaida katika magari tuliyoyapanda utotoni. Mwaka 1953 yote kwa pamoja yalionekana kama dhihaka. Touring iliona kwamba umbo hilo liko mbali mno na ladha ya wanunuzi, ikakataa kulijenga. Silaumu sana. Karakana ile iliishi kwa kuuza magari mazuri kwa wenye fedha, na mwenye fedha wa wakati huo alitaka mviringo. Hata hivyo, tahadhari haikuiokoa, kwani ilifunga milango mwaka 1966.

Je, tungeweza kumtambua Ponti bila jina la mradi? Naamini tungeweza, na hapa ndipo mbinu zetu za uhakiki wa matini zinapofaa. Kwanza kuna almasi yenyewe. Jengo refu la Pirelli mjini Milano, alilolibuni na wenzake na kujengwa kati ya 1956 na 1960 kwa msaada wa mhandisi Pier Luigi Nervi, lina urefu wa mita 127, na ukilitazama kutoka juu kuta zake ndefu zinakunjika na kusogeleana hadi linachongoka miishoni kama kito. (Mtu aliyenyimwa gari alijenga makao makuu ya kampuni ya matairi, historia ina ucheshi wake.) Katika kitabu chake cha 1957 kuhusu kuupenda usanifu, Ponti alilifananisha jengo jema na fuwele: umbo lililokamilika, lisiloweza kuongezwa wala kupunguzwa. Msomaji wa tarbia atauelewa upesi ukamilifu wa namna hiyo.

Pili kuna wepesi. Mwaka huo huo wa 1957 kampuni ya Cassina ilianza kuuza kiti chake kiitwacho Superleggera, alichokitoa katika viti vya jadi vya mji wa Chiavari, akakipunguza mwaka baada ya mwaka hadi kikafikia kilo 1.7. Miguu yake ina pembe tatu badala ya mduara na kikalio chake kimesukwa kwa henzirani. Neno hilo la Kiitaliano, lenye maana ya chepesi kupindukia, lilikuwa tayari jina la mbinu ya Touring ya kujenga bodi kwa mirija myembamba na mabati ya alumini. Mbunifu na karakana walitumia neno moja katika mji mmoja, wakashindwa kuelewana kuhusu gari moja. Tatu kuna mwanga: Villa Planchart, nyumba aliyoijenga Caracas kati ya 1953 na 1957, kuta zake zinaonekana kama kadi zilizosimamishwa bila kugusana, na usiku taa zilizofichwa hupenya kingoni. Anayeyajua madirisha ya nyumba ile hayaoni madirisha ya gari lile kuwa ajabu.

Ponti aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Kanisa kuu la Taranto, lenye ukuta mrefu uliotobolewa kama kitambaa cha kimia ili anga lionekane, lilikamilika 1970, na jumba la makumbusho ya sanaa la Denver, Marekani, likafunguliwa 1971 akikaribia umri wa miaka themanini. Rosselli alimtangulia mwaka 1976. Yeye mwenyewe alifariki Milano tarehe 16 Septemba 1979, na gari lilikuwa bado ni karatasi.

Mwaka 2018 ndipo Roberto Giolito, mbunifu aliyesimamia urithi wa magari wa kampuni iliyoimiliki Fiat na Alfa Romeo, aliposhirikiana na wajukuu wa Ponti kutengeneza mfano wa ukubwa kamili, ukaonyeshwa Basel, Uswisi, Septemba ya mwaka huo. Ilikuwa miaka 65 baada ya mchoro. Mpango wa Addis Ababa hakuna aliyeutengenezea mfano wa kuonyeshwa, na sijui nani angeutaka.

Nilirudi gerejini na ukurasa wangu, nikamweleza fundi kwamba tarehe ilikuwa sahihi. Aliutazama tena kwa muda, akakubali kushindwa kwa tabasamu, kisha akataka kujua ile bampa ya mpira ingefungwaje kwenye springi zake, maana iliyokuwa mbele yake wakati huo, ya matatu iliyogonga ukingo wa daraja, alikuwa ameinyoosha kwa nyundo tangu asubuhi.