Habari za Maisha ya Festo Kivengere na Mkewe Mera

Ndugu wasomaji wa sharika za Ngara na Biharamulo, leo twawasimulia habari za mtu ambaye hakuwa Mlutheri, wala hakuzaliwa upande huu wa mto Kagera. Lakini moto uliomwasha ulitoka mahali palepale ulipotoka moto uliowaka kwetu, kwa hiyo si mgeni.

Wazee wetu walijua jambo hili vizuri. Ng'ambo ya Kagera, katika nchi ya Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, iko misioni ya Gahini. Huko Daktari Joe Church alianza kazi ya hospitali mwaka 1928, na huko yeye pamoja na ndugu Waafrika wakaanza kuungamiana makosa waziwazi, mweusi kwa mweupe na mweupe kwa mweusi, jambo ambalo siku zile lilikuwa la ajabu kuliko miujiza. Mwaka 1935 ndugu hao walikwenda Kabale katika Kigezi, na mwaka 1939 wakafika Katoke katika Biharamulo. Miaka ileile habari hizo zilienea katika sharika za Buhaya pia. Basi mtu aliyeokoka Kigezi na mtu aliyeokoka Biharamulo waliitana ndugu, hata kama mmoja alibatizwa na Waanglikana na mwingine na Walutheri.

Festo Kivengere alizaliwa yapata mwaka 1919 katika nchi ya Rukungiri, huko Kigezi, kwa watu wafugao ng'ombe. Jamaa yake walikuwa wa ukoo wa watawala. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba zake, akajifunza kusoma kwa walimu wa misioni waliokuja kijijini, kisha akaenda shule ya Kabale, na mwisho chuo cha Mukono kusomea ualimu. Alikuwa na akili nyepesi na ulimi mzuri. Lakini kama wengi waliosoma, kadiri elimu ilivyozidi imani ilipungua, na aliporudi kwao kufundisha vijana alikuwa mwalimu wa misioni asiyemwamini Mungu wa misioni. Aliwachukia Wazungu, akapenda pombe, akaudhiwa sana na kelele za watu wa uamsho walioimba na kulia usiku kucha. Na lililomwudhi zaidi ni hili, kwamba watu wa jamaa yake mwenyewe walikuwa wamekwisha kuingia humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, siku moja ya Jumapili, alikuwa akirudi nyumbani kutoka kunywa pombe, mara akamwona rafiki yake anakuja mbio juu ya baisikeli, uso unang'aa. Rafiki huyo akashuka, akamweleza kwamba saa chache tu zilizopita Bwana amemsamehe, kisha akaanza kumwomba Festo radhi kwa mambo fulani waliyoyafanya pamoja, akiyataja moja moja. Akapanda tena baisikeli yake, akaenda zake akiimba. Festo akabaki njiani kama mtu aliyepigwa. Alifika nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu ambaye hakuwa na hakika kwamba yuko. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana uamsho ule haukumruhusu mtu kuokoka peke yake chumbani. Alikuwako mmisionari mmoja Mzungu ambaye Festo alimchukia sana. Akapanda baisikeli, akaenda maili 50 hivi katika milima ile ya Kigezi, ambayo kila aliyeiona ajua kwamba si nchi ya baisikeli, ili amwambie tu kwamba alimchukia na sasa anampenda. Twaomba wasomaji wakumbuke safari hii ya baisikeli. Baadaye aliona nchi nyingi za ulimwengu, lakini safari zake zote zilifanana na hii ya kwanza.

Mwaka 1943 akamwoa Mera, binti aliyekuwa ameokoka kama yeye. Haikupita miaka mingi wakaona kwamba Mungu anawaita kwenda Tanganyika, na kufika mwaka 1946 walikuwa Dodoma. Kuondoka Kigezi kwenda Ugogo halikuwa jambo dogo siku zile. Njia ya kawaida ya mtu wa Uganda ilikuwa kuvuka ziwa kwa meli hata Mwanza, kupanda gari la moshi hata Tabora, na kubadili gari huko kwa kwenda Dodoma. Na ukifika, umefika wapi? Umeacha milima ya kijani, mvua na ndizi, umekuja penye vumbi, mibuyu, uwele na mlenda. Ng'ombe tu ndio waliomfanya Mhororo ajione yuko nyumbani, kwa maana Mgogo naye apenda ng'ombe kupita kiasi. Hata lugha hawakuwa nayo. Ilibidi wajifunze Kiswahili, na Festo akajifunza vizuri hata baadaye watu wakastaajabu.

Huko alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance, ile iliyoitwa baadaye Mazengo. Kwa muda wa miaka 13 hivi kazi yake ilikuwa vijana. Darasani siku za juma, mahubiri Jumamosi na Jumapili, na likizo zikifika, safari. Hakutumwa na Wazungu kuwa msaidizi wao. Alikwenda mwenyewe na mkewe kama wamisionari, Waafrika kwa Waafrika, wakati ambapo wengi walidhani kwamba mmisionari ni lazima atoke ng'ambo ya bahari. Binti zao walikuwa wanne, nao walilelewa katika nyumba isiyokosa wageni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumechagua habari hizi. Mchungaji wa vijana leo yuko Ngara, kesho kutwa Biharamulo, juma lijalo ana semina mahali pengine. Mkewe ama amebaki na watoto, ama amechukuliwa katika safari akae nyuma na vikapu, asalimiwe mara moja mbele ya usharika, kisha apelekwe jikoni. Nyumba ngapi za watumishi zimepoa hivyo, na hakuna aliyejua, maana mahubiri yalikuwa bado moto!

Festo alikuwa karibu kuwa mtumishi wa namna hiyo. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mahali pengi, naye hakujificha. Siku moja alikuwa amegombana na Mera kwa neno fulani, akamsemea kwa ukali, wala hakutengeneza. Saa ya kwenda kuhubiri ikafika, akachukua Biblia yake, akatoka. Moyoni akasikia Roho akimwambia arudi kwa mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, kwamba zimebaki dakika chache tu, kwamba atatengeneza jioni akirudi. Roho hakubishana naye. Alimjulisha tu kwamba ana ruhusa ya kwenda kuhubiri, ila aende peke yake, kwa sababu Bwana mwenyewe atabaki jikoni pamoja na Mera.

Basi mhubiri gani atakwenda hivyo? Akasimama njiani na Biblia mkononi. Kurudi kulikuwa aibu, maana mwanamume wa ukoo wa watawala harudi jikoni kumwomba mkewe msamaha. Wala desturi ya kwao haikuwa hivyo, na kwa kweli hata desturi yetu sisi haikuwa hivyo. Alirudi. Alimkuta pale jikoni, akamwambia kwamba amekosa, akamwomba amsamehe, naye akamsamehe, wakaomba pamoja. Kisha akaenda kuhubiri. Alisema baadaye kwamba nyumba yao siku ile ilibadilika kuwa mahali pa furaha, na kwamba bila hivyo maneno yake kanisani yangalikuwa makavu.

Wako waliomlaumu kwa kusimulia mambo ya nyumbani mbele za watu. Wazee fulani husema kwamba mambo ya chumba yabaki chumbani, na neno hilo lina hekima yake. Sisi twaona kwamba hakuyasimulia ya Mera bali ya kwake mwenyewe, na tofauti hiyo ni kubwa. Mtu aungamaye makosa ya mkewe mbele ya mkutano hakuungama kitu.

Mwaka 1959 alisafiri mpaka Australia pamoja na Askofu Yohana Omari, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, wakahubiri huko miongoni mwa Wazungu na miongoni mwa wenyeji weusi wa nchi ile. Mwaka uliofuata, Billy Graham wa Marekani alipokuja Moshi, katika nchi ya Walutheri wenzetu wa Kilimanjaro, maelfu ya watu walikusanyika, na aliyefasiri kwa Kiswahili alikuwa Festo. Kiswahili kile alichojifunza katika vumbi la Dodoma sasa kilisikiwa chini ya mlima.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka Dodoma na kurudi Kigezi kusimamia shule. Baadaye akaacha kazi ya shule ili ahubiri tu, akasoma elimu ya dini Pittsburgh huko Marekani, akapewa uchungaji mwaka 1967. Alishirikiana na Michael Cassidy, Mzungu wa Afrika Kusini, katika chama cha African Enterprise, wakati sheria za nchi ya mwenzake zilipokataza mweusi na mweupe hata kuketi pamoja. Safari zikazidi. Hatuna haja ya kuzitaja zote, wala tusidhani kwamba zilikuwa nyepesi kwa mama aliyebaki na watoto. Mwezi wa Desemba 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi.

Ulikuwa wakati mbaya, maana Idi Amin alikuwa ametwaa nchi. Mwezi wa Februari 1973 watu watatu walihukumiwa kupigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Askofu Festo aliomba ruhusa asimame nao kabla hawajafa, akaiendea ile mikono iliyofungwa pingu bila kujua aseme nini. Lakini kabla hajasema, aliona nyuso zao. Walikuwa wamekwisha kumpokea Kristo gerezani, na wao ndio waliomfariji yeye.

Miaka minne ikapita. Maaskofu wa Uganda wakaandika barua kumwonya Amin juu ya mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Siku chache baadaye rafiki zake Festo wakampasha habari kwamba askari wanamtafuta. Hakutaka kuliacha kundi, lakini ndugu walimhimiza sana. Usiku ule yeye na Mera wakapelekwa kwa motokaa mpaka njia ilipokwisha, kisha wakapanda milima kwa miguu gizani. Mtu anayekaribia miaka 60 hapandi milima ya Kigezi kama kijana, wala mkewe. Huku wakipumzika kwa hofu, huku wakisaidiana, walitembea hata alfajiri wakajikuta katika Rwanda, nchi ileile ambayo uamsho ulitoka kwao kuja Kigezi. Safari hiyo nayo ilikuwa ya kazi, ingawa hawakuwa wameipanga, na hapo hapakuwa na mmoja mbele na mwingine nyuma.

Katika mwaka uleule akatoa kitabu, akakiita I Love Idi Amin. Wakimbizi wengi wa Uganda walichukizwa na jina hilo, na si vigumu kuelewa kwa nini, maana baba zao na waume zao walikuwa wamechinjwa. Yeye alishikilia kwamba chuki ingalimfanya Amin kuwa bwana wa moyo wake pia. Ilikuwa ileile safari ya baisikeli, ila sasa ndefu zaidi. Amin alipofukuzwa mwaka 1979, Festo na Mera wakarudi Kabale.

Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu uchungaji katika dayosisi yake, kabla Kanisa lake zima halijakubali, akapata lawama nyingi kwa ajili ya hilo. Tumelitaja kwa sababu wengine huuliza alipata wapi ujasiri huo. Sisi hatushangai sana, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufundishwa, miaka mingi nyuma, kwamba Bwana aweza kubaki jikoni na mwanamke huku askofu akienda kuhubiri peke yake.

Alishikwa na ugonjwa wa saratani ya damu, akafa Nairobi tarehe 18 Mei 1988. Aliacha binti wanne na Bibi Mera, aliyekaa naye Dodoma katika ujana wao, na kupanda naye mlima usiku ule.